Mkono Uliotangulia

Vumbi linacheza kwenye mwanga, Tagoshe. Asubuhi ile pia lilicheza, juu ya mtini wetu, kabla farasi hawajafika.

Dada yangu, ulikuwa mteule wa imani yetu. Nuru imefungwa ndani ya kila tunda, tulifundishwa, na mteule akilila, nuru huenda zake juu. Lakini mkono wa mteule hauchumi, hauchinji, haukati hata jani. Dhambi ya kuchuma ni yetu sisi wasikilizaji, watumishi wenu. Miaka kumi na minne mimi nilichuma, wewe ulikula. Mimi nilichuma, wewe ulikula.

Wakaja askari na amri ya mfalme wa Roma: vitabu vyetu vichomwe, wateule wachomwe juu yake. Sura zenu hawakuzijua. Wakatupanga chini ya mtini.

"Kila mtu achume tini moja," akasema jemadari. "Asiyechuma nimeshamjua."

Mzee Filamoni, mteule mwenzako, alikataa. Rungu likampata mdomoni, meno yakamwagika mchangani. Wakamburura kwa ndevu zake hadi kwenye kuni.

Nikakunong'oneza, "Chuma moja tu, dada. Utatubu kesho. Nimebaki na nani mimi?"

Ukanitazama. Ukakubali, kwa ajili yangu.

Mkono wako ukainuka. Ukaikaribia tini. Na mkono wangu, huu hapa, mkono uliozoea, ukatangulia. Ukachuma. Ukakuwekea kiganjani.

Jemadari akacheka hadi akakohoa. "Lo! Kumbe bibi anachumiwa!"

"Nimekosea, bwana! Ni mazoea tu!"

"Ndiyo hayo mazoea niliyokuwa nayatafuta."

Nikamrukia. Mkuki ukanipasua bega. Nikalala kifudifudi, mchanga mdomoni, nikapiga kelele: niliyechuma ni mimi, nichomeni mimi!

"Wewe nenda kachume," wakasema. "Tini zimebaki tele."

Vitabu vilishika moto kwanza. Kisha nywele zako. Ulilia, Tagoshe, watu wasinidanganye kwamba uliimba. Ulilia ukiniita kwa jina, na ile tini ulikuwa umeifumbata.

Tini zimeiva tena. Zinaanguka, zinapasuka, nyigu wanazila. Mimi sichumi.

Majivu yako yalishukia mti, paa, mtungi wa maji. Sasa vumbi linacheza kwenye mwanga, na sijui lipi ni vumbi, lipi ni wewe. Msikilizaji hana uwezo wa kuifungua nuru, najua.

Nakaa chini ya mtini, mdomo wazi, navuta pumzi.