Kanda ya Mwongeli

Watu wakimsifu mtangazaji Kivuva, mimi hunyamaza, nisije nikaitwa asiye na shukrani. Ni kweli alimtoa Mwongeli, mtoto wa marehemu dada yangu, kwenye vibanda vya soko la Mowlem. Ni kweli alimlipia masomo ya ushonaji. Lakini kwanza alimrekodi.

Katika kanda hiyo Mwongeli ana miaka kumi na minne. Analia, anasimulia alivyonusa gundi na kupora akina mama mikoba. Jina halitajwi, lakini ile sauti nene yenye mkwaruzo, ukiisikia mara moja huisahau. Kila Kivuva alipofanya harambee ya vijana wake, kanda ilichezwa upya, na michango ikamiminika. Mwongeli akakua, akapata cherehani yake na wateja wake, na redioni bado analia sokoni.

Wesonga alipotaka kumuoa, alikuwa anajua yote. Wazazi wake hawakujua. Nikamwendea Kivuva.

"Bwana Kivuva, wakwe wanakuja Jumapili. Hiyo kanda iache ipumzike, tafadhali."

"Mama Koki, ondoa shaka," akasema. "Mwongeli ni mtoto wangu."

Jumapili wageni walifika kwangu Umoja wamependeza. Mwongeli aliwasalimu kwa kunong'ona, kwa haya ya bibi harusi. Hawajakaa vizuri, Mama Wesonga akauliza, "Hamna redio? Leo Kivuva ana harambee."

"Betri zimeisha," nikadanganya.

Mumewe akacheka, akatoa karedio kadogo kwenye mfuko wa koti.

Mwongeli alikuwa akiwanawisha wageni mikono sauti yake ilipoanza kulia humo ndani. Hakumwaga hata tone. Mimi nikamlaani Kivuva kimyakimya hadi kizazi cha saba.

"Maskini, mtoto wa watu," Mama Wesonga akasema, akijifuta machozi kwa leso. "Mungu amhurumie popote alipo."

Kanda ikaisha, mzee akazima redio. "Haya, bibi harusi wetu atuombee chakula."

"Acha niombe mimi," nikadakia.

"La, mama. Tunataka kumsikia yeye. Tangu tuje ananong'ona tu."

Mwongeli alinitazama, kisha akafumba macho na kuomba kwa sauti yake yote. Aliwaombea wageni, akamwombea Kivuva pia. Niliposema amina na kufumbua macho, Mama Wesonga alikuwa ameuokota mkoba wake sakafuni na kuupakata.

Walikula kidogo, wakasema watarudi. Hawakurudi. Wesonga alikuja mara mbili, kisha naye akapotea.

Nikaenda kumtukana Kivuva mbele ya wafanyakazi wake wote. Hakubisha. Alilia machozi ya kweli, na hilo liliniudhi zaidi.

"Nisamehe, mama. Bila kanda hiyo watu hawachangi, na nina vijana wengine wanaolala nje." Akajipangusa, akafikiri, uso ukaanza kumchangamka. "Lakini sikia. Aje Jumapili ijayo, asimulie alivyokataliwa na wakwe. Hii itagusa watu wengi sana."

Nikaondoka bila kuaga. Nyumbani nilimkuta Mwongeli cherehanini, akaniuliza Kivuva amesemaje. Nikamwambia sikumkuta.