Bibi Kalista Alikwenda Kutazamwa

Jumanne ya pili ya mwezi wa saba, saa tano asubuhi, Mwalimu Baltazari alikuwa anafuta vumbi kwenye picha kumi na nne za chumba chake, mtaa wa Makanyagio, mjini Mpanda, wakati Bibi Kalista alipoweka ungo chini, akatoka kwenye fremu na kuuliza kama kuna mtu amekuja.

"Bado," alisema Mwalimu. "Lakini siku haijaisha."

Bibi alisubiri mpaka saa nane, kisha akarudi kwenye picha yake na kuendelea kupepeta mpunga.

Chumba chenyewe kilikuwa katikati ya saluni na duka la vipuri vya mashine za kusaga. Juu ya mlango paliandikwa CHUMBA CHA PICHA kwa rangi ya bluu. Mwalimu alikifungua mwaka aliostaafu ukuu wa shule, kwa sababu aliamini Mpanda ilistahili mahali pa namna hiyo. Picha zote zilikuwa za Eufrazia, mkulima wa mpunga wa kijiji cha Mamba, na Bibi Kalista alikuwa mama yake mzazi, aliyefariki miaka sita iliyopita. Eufrazia alimchora kwa mwezi mzima, na ndiyo picha pekee aliyowahi kuimaliza huku analia. Ilikuwa imekaa ukutani miaka mitatu. Kwa muda huo ilitazamwa na watu kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuwa wameingia kuulizia mkanda wa mashine.

Kesho yake Bibi alitoka tena, akaenda kukaa saluni. Mgongo hakuwa nao, kwa kuwa Eufrazia alimchora kwa mbele tu, kwa hiyo Upendo, mwenye saluni, alimpa khanga ajifunike nyuma asipate baridi.

Ijumaa Eufrazia alifika kutoka Mamba, akamkuta mama yake kwenye benchi, akitazama simu ya Upendo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Eufra, mimi nimechoka kukaa pale ukutani. Hapiti mtu."

Eufrazia aliingia Chumba cha Picha, mlango wa pili. Mwalimu alikuwa ameshammiminia chai, maana alimheshimu sana, akimwita Mama Mercy kwa jina la mwanawe.

"Mwalimu, tuziweke hizi picha mtandaoni. Upendo anaweka mitindo ya nywele huko, watu wanakuja kusuka mpaka kutoka Litapunga."

"Nywele ni nywele, Mama Mercy. Picha haitazamwi kwenye simu, rangi zinakufa. Halafu huko kuna wezi. Mwenye kupenda sanaa atafunga safari aje."

"Atajuaje aje wapi?"

"Bango si lipo?"

Alimwomba tena mwezi wa nane, na tena mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa alipandisha sauti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mzima, akaomba radhi hapohapo, na Mwalimu akamsamehe. Bango likapakwa rangi upya.

Bibi Kalista ndiye hakusubiri. Siku ya treni ya Tabora alimwambia binti yake kwamba anakwenda Dar es Salaam.

"Kwa nani, mama? Huko hatuna ndugu."

"Upendo kanionyesha. Kuna jumba la picha kule, watu wanalitazama kwenye simu wakiwa makwao, wamelala kitandani. Wengi, Eufra. Wewe ulinichora nikatazamwe au nikatazame ukuta?"

Eufrazia alimfunga khanga vizuri mgongoni. Alimsindikiza stesheni. Karani alisema watu wa picha husafiri kama mizigo, akamweka kwenye mzani. Alikuwa gramu mia tatu pamoja na khanga. Akampakia sehemu kavu, mbali na magunia ya karanga.

Kwenye turubai ulibaki uwanja, ungo, na punje za mpunga zilizokuwa hewani. Kwenye kona ya chini kulia lilibaki jina la Eufrazia.

Wiki ya tatu Upendo alimpigia simu. Bibi Kalista alikuwa kwenye ukurasa wa lile jumba la Dar es Salaam, amekaa ndani ya picha nyingine, nyuma yake minazi. Chini paliandikwa: *Bibi wa Pwani*, kazi ya Sospeter. Watu elfu arobaini walikuwa wameshamtazama. Mmoja aliandika kwamba macho yale yamemkumbusha bibi yake. Mwingine aliuliza mchoraji anapatikana wapi, akajibiwa apige kwa Sospeter.

Eufrazia alipanda basi la Mpanda siku hiyohiyo. Upendo akamwandikia barua kwa lile jumba, wakaituma kwa simu. Jibu lilikuja baada ya robo saa, kutoka kwa dada aliyejitambulisha kwa jina la Rahel, na lilikuwa la adabu.

"Pole sana dada Eufrazia. Tumemuuliza Sospeter, anasema huyu bibi aliingia mwenyewe kwenye turubai yake asubuhi moja. Huwa inatokea. Kama mlikuwa naye kabla yetu, tutumie linki ya ukurasa wenu yenye tarehe, tutabadilisha jina leo leo."

"Linki ndiyo nini?" aliuliza Mwalimu Baltazari.

Wakamweleza.

"Waambie waje waone turubai. Jina lako lipo pale, limeandikwa vizuri kabisa."

Upendo aliipiga picha turubai, akaituma. Rahel alijibu kwamba wanaona uwanja na ungo, lakini mtu hawamwoni.

Mwisho Eufrazia aliomba azungumze na mama yake. Rahel alikubali, akaiweka simu mbele ya picha.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Watu ni wengi hapa. Wananiita Bi Mwanamvua."

"Na wewe unaitika?"

"Mwanzoni nilikuwa siitiki. Lakini watu mia mbili wakikuita kwa siku, Eufra, mdomo unaitika wenyewe."

"Rudi nyumbani, mama."

"Nirudi nitazamwe na nani?"

Eufrazia alirudi Mamba, akafunga mlango, akamchora mama yake upya. Alichora siku tisa, bila kulia safari hii, kwa hasira, na mkono haukumkosea hata mahali pamoja. Akaileta picha Makanyagio ikiwa bado haijakauka. Hakumwomba ruhusa mtu. Upendo alifungua ukurasa kwa dakika kumi, akapiga picha, akaandika jina la Eufrazia na la Mpanda, akaiweka.

Siku ya tatu ukurasa ulifungwa. Ujumbe ulisema kwamba picha hiyo inafanana na kazi ya msanii mwingine, Sospeter, iliyotangulia kuwekwa, na kwamba aliyeiweka haruhusiwi kuweka nyingine.

Mwalimu Baltazari aliomba simu, akavaa miwani, akausoma ujumbe wote mara mbili.

"Si nilikwambia, Mama Mercy?" alisema kwa huruma ya kweli. "Mtandao umejaa wezi."

Eufrazia alimtazama. Aliona kwamba hata akipiga kelele mpaka jioni, Mwalimu atamsamehe na kummiminia chai. Akatoka nje.

Mbele ya saluni walikuwa wamesimama watu wa picha nyingine zote kumi na tatu, wapanda mpunga, mwezekaji wa nyasi, na mzee wa baiskeli ambaye gurudumu la nyuma halikumaliziwa. Walikuwa wamefunga mizigo, wanamuuliza Upendo treni inaondoka siku gani. Upendo alikuwa anamsuka mteja, akawaelekeza kwa Eufrazia.

Eufrazia aliwaambia siku. Akawaambia wawahi kwenye mzani, kisha akawaomba kitu kimoja tu, kwamba wakifika wataje jina lake.

Walisema watalitaja. Bibi Kalista naye alikuwa amesema hivyohivyo.