Kitufe cha Chapisha

Jina alilozaliwa nalo lilibaki kwenye kitambulisho. Kila mtu alimwita Kamusi, kwa sababu ukikosea neno mbele yake unasahihishwa kabla hujafika kwenye nukta. Ndiye aliyeitia Kiswahili programu ya washonaji, kitufe kwa kitufe, na hakutaka kusikia kwamba lugha yake haina neno la jambo fulani. "Neno lipo," alikuwa akisema, "ni wewe hujalitafuta."

Programu yenyewe ilikuwa huria: anayeitaka anaichukua bure, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua tumbo na kuirekebisha. Unaiandikia vipimo vya mteja, inakuchorea vipande vya nguo, unavitoa kwenye karatasi na kukata. Waliiandika vijana waliojuana kwa ujumbe kuliko kwa sura, na kiongozi wao walimbandika jina la Taratibu, maana jibu lake kwa kila jambo lilianza na "tufuate taratibu."

Kamusi alitaka mradi uwe na blogu ya jumuiya. Hakutaka ukurasa wa kutangaza tu kwamba toleo jipya limetoka. Alitaka uwanja ambao wanaoshona wangesimuliana wenyewe, kwa Kiswahili chao, programu imewafaa wapi na imewatoa jasho wapi.

"Washonaji hawataandika," Taratibu alimwambia. "Wana kazi."

"Wana midomo pia."

"Haya. Nakupa mpaka kikao kijacho. Apatikane mshonaji mmoja wa kuandika kwa hiari yake, na asiwe ndugu yako. Akikosekana, blogu inakuwa ya matangazo ya matoleo, basi. Na kitu chochote kisitoke kabla watu wawili hawajakisoma. Tufuate taratibu."

Kamusi alikubali. Blogu akaijengea kwenye chumba cha kushonea cha mama yake mdogo, pembeni mwa meza ya pasi, mahali pekee ambapo mtandao ulikuwa haukatiki. Alichagua herufi kubwa za kusomeka na macho yaliyochoka, akatupa mapambo yote yaliyokuwa yakizungukazunguka, akaandika vitufe: Rasimu. Maoni. Chapisha. Lakini uwanja ulikuwa mtupu, na nani anaingia wa kwanza kwenye uwanja mtupu? Akamwomba mama mdogo aandike cha kufungulia.

"Mimi na kuandika tuliachana shuleni, na hatukuagana vizuri," mama mdogo alisema, pini mdomoni.

"Andika unavyoongea."

"Nikiandika ninavyoongea mtanipeleka mahakamani."

"Itakuwa rasimu tu, mama mdogo. Haiendi popote mpaka tuisome pamoja."

Akamwacha mbele ya kompyuta, akaenda dukani kununua zipu. Aliporudi, alimkuta mama mdogo amepiga magoti, kichwa kiko chini ya meza, anaigongagonga printa.

"Mashine yako imenuna," sauti ilitoka chini ya meza. "Nilitaka kujisoma kwenye karatasi kabla hujaniona. Nimebonyeza Chapisha, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Ya tatu nimebonyeza kwa hasira."

Zipu zilimtoka Kamusi mkononi. Kwenye programu ya washonaji, kitufe cha kutoa vipande kwenye karatasi kiliitwa Chapisha. Alikiita hivyo yeye mwenyewe, baada ya kubishana wiki nzima na waliotaka kiandikwe "Printi". Na kwenye blogu, neno lilelile lilikuwa na maana ya kuwatolea walimwengu.

"Sasa imetokea wapi?" mama mdogo aliuliza.

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Wote wenye simu."

Mama mdogo akatoka chini ya meza polepole. "Hebu nipe miwani nione nimesema nini."

Ilikuwa pale, mara tatu, moja chini ya nyingine: "Programu hii naipenda. Zamani nilichora kwenye karatasi mpaka shingo ikakataa kugeuka. Sasa mashine inachora, mimi nakunywa chai. Ila nimeona picha ya kijana anayeongoza mradi. Jamani! Ametusaidia washonaji wote, halafu yeye mwenyewe amevaa shati ambalo mabega yake yameshuka kwenda kuvisalimia viwiko. Nani kamkatia? Au ni la kuazima?"

Kamusi alikuwa ameshafikisha kidole kwenye kitufe cha kufuta, simu ikalia. Taratibu.

"Nimeona blogu."

"Naifuta sasa hivi, kaka. Ni bahati mbaya."

"Mara tatu?"

Mama mdogo akampokonya simu. "Kijana, kosa ni langu. Mtoto hakuwepo. Nilibonyeza Chapisha nikingoja karatasi, kama kwenye programu yenu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa na wewe nijibu. Lile shati la kuazima?"

"Hapana, mama. Nililishona mwenyewe. Nilitaka kuijaribu programu kabla sijawapa watu."

Mama mdogo akaziba mdomo kwa mkono, lakini kicheko kilipitia puani. "Wewe? Ukakaa kwenye cherehani?"

"Siku mbili, mama. Sindano ilinichoma."

"Maskini wa Mungu! Basi nisamehe mwanangu. Mbona hukusema? Shati la kwanza likiwa na mikono miwili, mtu anapongezwa. Langu la kwanza lilikuwa na mmoja na nusu."

Sasa Taratibu naye alicheka. Kamusi hakuwahi kumsikia akicheka. Aliporudishiwa simu, akaambiwa afute mbili, moja ibaki. "Watu wanaisoma. Lakini sharti halijabadilika, Kamusi. Huyo ni mama yako mdogo."

"Najua."

"Na hicho kitufe?"

Hilo lilimuuma. Alikuwa amelipigania neno lile kama mtoto wake. Akamgeukia mama mdogo. "Ukitaka watu wakuone, ungebonyeza kilichoandikwaje?"

"Kiandikwe Watu Waone. Hapo hata mlevi angefikiri mara mbili."

Kamusi akatafuta kasoro kwenye maneno hayo. Hakuipata. Akayaandika.

Maoni yalizidi kuingia. Mmoja alimtetea Taratibu, kwamba shati pana linaingiza upepo. Wengine walikiri mashati yao ya kwanza, suruali za kwanza, gauni ambalo mteja alilivaa mbele nyuma na likamkaa vizuri zaidi. Kamusi alisoma kila moja akitabasamu, na kila akifika mwisho alijiuliza: wanachangia, lakini nani ataandika?

Asubuhi ya kikao, mama mdogo akiwa kwenye cherehani, ujumbe ukaingia kutoka kwa mwanamke wasiyemjua, wa mji wa mbali. "Mimi nashona sare za shule. Nimecheka, halafu nikakaa nikaandika. Hii hapa. Kama haifai mtaniambia."

Kamusi aliifungua. Haikuwa fupi.

"Mama mdogo! Kuna mtu ameandika! Mtu baki kabisa! Njoo usome, tunatakiwa wawili."

"Soma kwa sauti, mikono yangu ina kazi."

Kamusi akasafisha koo. "'Mimi na kola tuna ugomvi wa miaka mingi, na leo nataka niwaeleze nani alianza...'"

Cherehani ikasimama.

"Rudia hapo," mama mdogo alisema, akivuta kiti karibu.