Milimita Saba

Gitaa lenyewe lilikuwa la bei poa tangu siku lilipotoka kiwandani. Mbao nyepesi zilizopakwa rangi nyekundu ili zionekane za maana, vitufe vya plastiki, na daraja, yaani kile kipande kinachozishika nyuzi tumboni, la bati jembamba lisilo na haya. Lakini lilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, yote hiyo mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo bendi nzima ilimwita Masikio.

Jina hilo hakupewa kwa utani. Wakae wapigaji saba, vyombo vyote vingurume, na uzi wa mmoja wao ulegee kidogo tu, Masikio atageuza shingo na kumtazama huyo huyo mpaka ajirekebishe. Hasemi neno. Alikuwa na miaka sabini na moja, magoti yalishaanza kumgomea na meno yake yalikuwa ya kuhesabika, ila masikio aliyajua kuwa mazima, na aliyaringia kuliko nyumba aliyoijenga.

Kitu cha pili alichokiringia kilikuwa binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, feni zilizokatwa vichwa, redio zilizo matumbo wazi na harufu ya risasi ya kulehemu. Baba akipita pale na mgeni lazima asimame mlangoni.

"Huyu akikwambia kitu kimepona, kimepona. Usibishane naye, utaaibika bure."

Na Fundi, tuseme ukweli, sifa hizo zilikuwa zimemvimbisha kichwa.

Siku Baba alipomletea gitaa alitaka jambo dogo tu: tundu la kuchomekea waya wa amplifaya lilikuwa linakwaruza. Fundi alilimaliza kwa nusu saa. Kisha akalitazama lile daraja. Kutu ilikuwa imelila, na vijino vinavyobeba nyuzi vilikuwa vimechongoka kiasi cha kuzikata. Kwenye droo yake kulikuwa na daraja la chuma kizito alilolitoa kwenye gitaa lililovunjika shingo. Akaona, kwa nini nisimfurahishe mzee?

Kazi aliifanya kwa adabu zote. Alipima kutoka pale nyuzi zinapoanzia kichwani mpaka kwenye kile chuma chembamba cha kumi na mbili kinachokatiza shingo, akazidisha mara mbili, kama kila fundi wa magitaa anavyofanya, ili ajue daraja likae wapi. Kipimo kikaangukia milimita saba mbele ya matundu ya zamani, kuelekea shingoni. Akapima tena. Saba. Akacheka peke yake.

"Hawa wa kiwandani walitoboa wamefumba macho."

Akaziba matundu ya zamani kwa vijiti na gundi, akasugua, akapaka rangi, akatoboa mapya pale yalipotakiwa kuwa. Alipofunga nyuzi na kuwasha kipimo chake cha sauti, mshale ukasimama katikati kwa kila uzi, kwenye noti za chini na za juu. Gitaa lile la kubahatisha lilikuwa sasa limenyooka kabisa. Alifurahi sana, na furaha hiyo baadaye alikuja kuionea haya kuliko kosa lenyewe.

Jumapili alimsindikiza Baba mazoezini, kwenye chumba cha ghorofani nyuma ya duka la samani. Alitaka kuziona sifa zake kwa macho. Wazee wakalizunguka gitaa, wakaligusa daraja jipya, na kiongozi wao, mpiga tarumbeta mnene waliyemwita Tarumbeta tu, akampa Fundi mkono kwa heshima. Wimbo ukaanza.

Kwenye noti za chini mambo yalikwenda vizuri. Baba alipopanda juu, kwenye kile kipande chake ambacho watu humsubiri, sauti ikang'ata. Ilipanda kupita mahali pake. Akarudia, ikang'ata tena. Tarumbeta akaishusha tarumbeta mdomoni. Mpiga ngoma akaacha fimbo hewani.

"Hili gitaa limebadilika," alisema Baba.

"Limerekebishwa, Baba."

"Juu huku halipo sawa, mwanangu. Linanikimbia."

Hapo ndipo Fundi angeweza kusema, ngoja nitazame. Maneno mawili tu. Badala yake alisikia kazi yake ikisutwa mbele za watu. Akatoa kipimo cha sauti mfukoni, akalichukua gitaa mapajani mwa baba yake na kupiga uzi mmoja mmoja, huku amekielekeza kioo kwa wote. Mshale katikati. Katikati. Katikati.

"Gitaa halina kosa," alisema. "Labda ni masikio sasa, Baba. Umri nao."

Tarumbeta alikohoa na kuangalia dari. Baba akabaki anautazama ule mshale, kisha akamtazama binti yake, na usoni hapakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa anamwamini.

"Kama Fundi amesema," alijibu taratibu, "basi amesema."

Jumatatu walikuwa mezani nyumbani, Baba, Mama na Fundi. Chakula kilikuwa kimeisha na Mama alikuwa akisimulia habari za majirani. Baba hakuwa pamoja nao. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukingoni mwa meza, vidole vikipiga wimbo usio na sauti. Fundi akavitazama bila kukusudia. Kila kidole kilipobana, hakikutulia. Kilibana, kisha kikasukuma kidogo juu, kana kwamba kinamsogeza mtu kwenye benchi. Na kadiri mkono ulivyopanda, ndivyo kilivyosukuma zaidi.

Aliaga kwamba ana kazi, akaenda karakana mbio mbio, akalitafuta daraja la zamani kwenye ndoo ya vyuma chakavu na kuiandika hesabu upya nyuma ya kalenda. Daraja la zamani lilikaa nyuma mno. Kwa hiyo nyuzi zilikuwa ndefu mno, na kila noti ya juu ilizama chini ya mahali pake. Lakini hakuna aliyewahi kuisikia ikizama, kwa sababu miaka arobaini na mitatu kulikuwa na mtu aliyeisikia kabla haijamfikia mtu mwingine na kuinyanyua kwa ncha ya kidole. Hata mwenyewe hakujua kwamba anafanya hivyo. Sasa gitaa lilikuwa limenyooka na vidole vilikuwa bado vinanyanyua.

Masikio yalikuwa mazima. Ni yeye Fundi aliyeyafisha, kwa mdomo wake, mbele za watu sita.

Mtu muungwana angerudi nyumbani saa ile ile. Fundi hakurudi. Alijiambia atasema kesho, akishapata namna nzuri ya kulieleza. Kesho alijiambia kwamba mzee na magoti yale apumzike kidogo, si vibaya. Alikuwa hodari wa kujitetea, na hakuna aliyemshtaki isipokuwa roho yake, nayo ilimsuta mpaka usingizini. Ukweli ni kwamba hakutaka kuonekana mjinga. Ni hilo tu, na alilijua.

Huku nyumbani Baba akaanza kubadilika. Mlango ukibishwa na Mama akiuliza ni nani, yeye aliyekuwa akimtambua mtu kwa hodi alisema, "Usiniulize mimi." Akawa anauliza "Eti?" kwa maneno aliyoyasikia vizuri. Redio aliiongeza sauti ambayo hakuihitaji, kisha akakunja uso kwa makelele, na hakuipunguza.

Alhamisi akasema anakwenda kubwaga manyanga. Amplifaya aliyoitumia, ile mashine ya kukuza sauti ya gitaa, ilikuwa mali ya bendi, na ilikuwa nzito.

"Nisaidie kubeba, mwanangu."

Fundi akaibeba. Alipanda nayo ngazi zote mpaka chumba cha mazoezi, jasho likimtoka, na Baba nyuma yake akipumzika kila baada ya hatua tatu. Aliiweka sakafuni. Alimsikia baba yake akiwashukuru wenzake kwa miaka yote na kuwaomba radhi kama siku hizi za mwisho amewaharibia nyimbo. Tarumbeta alilia waziwazi. Fundi alitazama viatu vyake.

Jumamosi asubuhi Baba aliingia karakana na gitaa begani, akalilaza mezani kati ya feni mbili.

"Litafutie mtu anayesikia," alisema. "Pale nyumbani linanitazama."

Fundi akaweka bisibisi chini. Alikuwa amejiandalia hotuba ya wiki nzima, yenye hesabu na kuzunguka kwingi, na yote ikayeyuka.

"Baba, masikio yako ni mazima. Ni mimi."

Akamweleza. Akamwonyesha daraja la zamani, akaweka rula ya chuma kwenye yale matundu aliyoyaziba na kuyapaka rangi, akamwonyesha milimita saba. Akamshika kidole cha kushoto na kukibonyeza juu ya uzi, nacho, kwa mazoea, kikausukuma. Baba akakitazama kidole chake kana kwamba ni cha jirani.

"Kwa hiyo nilikuwa nasikia sawa."

"Ulikuwa unasikia kuliko mashine yangu."

Mzee alicheka, kicheko kifupi cha furaha tupu, na kwa dakika hiyo moja Fundi alijiona amepona. Kisha kicheko kikakatika.

"Umelijua lini hili?"

Angeweza kusema leo. Jibu hilo lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi.

"Jumatatu."

Baba akahesabu siku. Ilionekana machoni pale alipofika.

"Alhamisi ulinibebea amplifaya."

"Ndiyo, Baba."

"Ukanisikia nawaomba radhi."

"Nilikusikia."

Baba akaketi kwenye kigoda cha wateja. Fundi alitamani atukanwe, angalau achapwe kibao. Mwishowe mzee alisimama, akalichukua gitaa, akamwonyesha mlango kwa kidevu.

"Funga duka. Wapo mazoezini sasa hivi. Ulisema mbele za watu."

Kwenye chumba kile Fundi alisimama katikati, mikono haijui ikae wapi, akayasema yote, mpaka Jumatatu na Alhamisi, bila kujipunguzia hata tone. Mpiga ngoma alisonya. Mmoja akasema "ama kweli" na kuinamisha uso. Lakini furaha iliwashinda. Tarumbeta alimkumbatia Baba mpaka akamnyanyua, amplifaya ikarudishwa mahali pake, na kiti kikafutwa vumbi kwa shati la mtu.

"Naweza kulirudisha kama zamani," alisema Fundi kwa sauti ndogo. "Kesho tu."

"Liache," alijibu Baba. "Nitajifunza."

Akaanza taratibu. Noti za juu za kwanza ziling'ata, akazirudia, akikikaza kidole kitulie. Wenzake walimsubiri, wakapunguza mwendo kwa ajili yake. Mara ya nne au ya tano kidole kikabana na kubaki pale pale, na noti ikatoka safi, imejaa, hata mtu asiyejua muziki angeipokea. Tarumbeta akapiga paja lake kwa shangwe.

Baba hakushangilia. Aliuacha uzi ulie mpaka ukanyamaza wenyewe, kisha akageuza shingo, akawapita wenzake wote kwa macho na kumtazama binti yake aliyekuwa amesimama karibu na mlango.

"Hiyo iko sawa?" aliuliza.

Hakuwa anamtania. Alikuwa hayaamini tena masikio yake, naye alikuwa anasubiri kuambiwa.