Gari la Viti Viwili

Mzee Jaffar alipoingia na gari lile kwenye banda la Nadira, hapo Port Reitz, mafundi wa jirani waliacha kazi. Gari lilikuwa zuri, hilo halina ubishi: Mazda ndogo nyekundu, viti viwili basi, paa la turubai la kukunja. Lakini walichosimama kutazama ni vile mzee wa miaka sabini, mwenye kanzu na kofia ya kushonwa kwa mkono, atakavyotoka ndani yake. Alitoa mguu mmoja, akapumzika. Akatoa wa pili, akasema bismillahi. Kisha akashika mlango, akainuka polepole, akakung'uta kanzu na kuwatazama wote kana kwamba ni wao waliochelewa.

"Shikamoo, babu," alisema Nadira.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiwe utiaye redio zikasema."

Nadira alikuwa na miezi mitatu tu tangu afungue banda lake. Kazi alijifunza kwa fundi mmoja wa Changamwe, miaka mitano ya kulala chali chini ya viti vya watu, na mkono wake ulikuwa safi. Lakini watu wa Port Reitz walikuwa hawajaamua. Msichana wa buibui na bisibisi! Walipita, wakamsalimu, wakamtakia heri, kisha wakapeleka magari yao kwingine. Kila mteja aliyemwamini alikuwa mtihani, na mtihani wa leo ulikuja umevaa kanzu.

Mzee alieleza anachotaka. Redio iliyokuja na gari kutoka Japani ilikuwa haishiki stesheni hata moja ya huku, yachemka tu kama sufuria. Alitaka redio mpya ya kuchomeka flashi, spika moja katika kila mlango, amplifaya, na boksi la besi huko nyuma.

"Lakini besi iwe na adabu," alisema. "Na kwenye buti unibakizie nafasi ya mfuko wa mchele wa kilo ishirini."

"Babu, buti la gari hili lenyewe halizidi beseni la kufulia."

"Ndiyo maana nikaja kwa fundi."

Nadira akacheka, akamvutia kigoda. Ndipo mzee alipotoa lililokuwa moyoni. "Mke wangu ni Bi Mwanakheri," alisema.

Nadira aliacha kucheka. Nani asiyemjua Bi Mwanakheri? Ndiye aliyeongoza vugo katika kila harusi ya maana kuanzia Magongo hadi Kisauni. Wanawake wakizigonga pembe za nyati kwa vijiti, yeye ndiye anayetoa wimbo na wenziwe wakaitikia. Hakuna mama wa bi harusi asiyemtaka shauri, wala hakuna neno lake lililoanguka chini likakosa wa kuliokota. Akisema pilau ya fulani ina maji, basi fulani atapika mpaka azeeke na pilau yake itakuwa ina maji.

"Nimeliuza gari letu kubwa bila ya kumwambia, nikanunua hili," aliendelea mzee. "Nimekosa, sikatai. Alipoliona alisimama kizingitini akaniuliza, 'Na wenzangu na pembe zao utawatia wapi, juu ya boneti?' Kisha akaapa. Wallahi, billahi, watallahi, hatii mguu wake humu. Jumapili tuna harusi ya mjukuu wa dadake huko Kisauni. Asema atakwenda na tuktuk."

"Tuktuk? Kutoka hapa mpaka Kisauni?"

"Ndiyo hasira hiyo, mwanangu. Yapimwa kwa urefu wa njia."

"Kwani babu, kwa nini ukanunua la viti viwili?"

Ndege ilikuwa yashuka uwanjani, na kwa Port Reitz ndege ikishuka mazungumzo hungoja. Ilipopita, mzee alisema kwa sauti ya chini, "Nimemuoa miaka arobaini na miwili. Kila tukipanda gari tuko na watu. Watoto, kisha wajukuu, kisha wakwe, kisha wanawake saba wa vugo, na mimi dereva. Sijapata hata siku moja kukaa na mke wangu sisi wawili, njia ikatupeleka. Sasa nimestaafu, nguvu ninazo, mato yaona. Nangoja nini tena?"

Alitoa flashi mfukoni. Ndani yake mlikuwa na vugo moja tu, la mwaka wa themanini na nane, lililotolewa kwenye kaseti kuukuu: sauti ya Bi Mwanakheri akiwa kijana. Mzee alisema kwamba mkewe akiisikia sauti ile yatoka mle garini, moyo utalainika na mguu utafuata. Nadira alimpenda mzee yule papo hapo, akaapa moyoni kwamba sauti ile ataitoa kama ilivyo.

Kazi ilichukua siku mbili. Alibandua kava za milango, akapitisha waya kwenye mipira ya milangoni, akaificha amplifaya nyuma ya kiti. Besi ndiyo iliyomtoa jasho. Alikata karatasi ya kipimo mara nne kabla ya kukata ubao, na kila mara alikwenda kuazima mfuko wa mchele dukani kwa Kanze, jirani yake, akautia ndani ya buti, akautoa, akaurudisha. Mara ya tatu Kanze aliuliza kama huo mchele watembezwa kwa sababu waumwa.

Muda wote huo Mzee Jaffar alikuwa juu ya kigoda. Miaka thelathini alikuwa fundi wa umeme wa kreni bandarini, na mtu wa namna hiyo hawezi kuona waya akanyamaza. Lililomkera zaidi ni tepu. Nadira alikuwa na mazoea ya kufunga maungio yake yote kwa tepu ya buluu, ili kazi yake aijue popote atakapoikuta.

"Buluu ni pambo la harusi," alisema mzee, akatoa mfukoni tepu nyeusi iliyochakaa. "Umeme wafungwa kwa nyeusi."

"Kwako, babu. Kwangu ni buluu."

Alhamisi baada ya alasiri walingoja ndege ipite, kisha Nadira akachomeka flashi. Pembe zilianza kulia. Kisha ikaja sauti ya mwanamke kijana, nene, tulivu, imesimama pale mbele ya kioo kana kwamba mwenyewe yupo juu ya boneti. Mzee alivua kofia, akaiweka magotini.

"Ndiye," alisema. "Huyu ndiye." Kisha akajifuta uso kwa kofia ileile na kurudi kuwa fundi wa kreni. "Jumamosi asubuhi uje nyumbani uiwashe wewe mwenyewe. Na vifaa vyako uje navyo. Huwezi kujua."

Jumamosi Nadira alifika saa tatu. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, paa limekunjwa. Bi Mwanakheri alikuwa amekaa barazani anatunga asumini za harusi, na aliitikia shikamoo bila ya kuinua uso. Majirani wawili watatu walikuwa wameshapata sababu ya kufagia uwanja. Nadira aliingia garini, akasoma moyoni alichojaliwa kusoma, akawasha.

Sauti ilitoka mbaya. Haikukwaruza wala kukatika, lakini ilikuwa nyembamba na imepotea, haijulikani yatoka upande gani. Nadira aliongeza besi, haikufaa. Aligusa hiki na kile. Alhamisi ilikuwa sawa! Aliisikia kwa masikio yake mwenyewe!

"Ewe mwanangu," alisema Bi Mwanakheri kutoka barazani. "Huyo anayeimba humo ni nani?"

"Ni wewe, Bi Mwanakheri."

"Mimi?" Asumini zikatua pajani. "Hiyo si sauti yangu. Sauti yangu ina kifua. Na hizo pembe mbona zalia mbali, kama zapigwa Jomvu? Nilisikia wakikusifu kwa dadangu juzi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Alishuka barazani na beseni lake la asumini. Akainamia mlango wa kulia, akasikiliza. Akazunguka, akainamia wa kushoto, akasikiliza. Mgongo ukamkataa. Akaufungua mlango, akakaa kwenye kiti, miguu nje, akafumba macho.

"Huku kushoto kwaimba kinyume," alisema. "Mmoja akitoa pumzi mwengine yuavuta. Waimbaji wakifanya hivyo huwafukuza." Na kwa kuwa jua lilikuwa lamchoma miguuni, akaiingiza ndani.

Nadira aliiona miguu ile ikiingia. Alimtazama Mzee Jaffar. Mzee alikuwa amesimama kando, anautazama mnazi wa jirani kama mtu aliyetumwa kuhesabu nazi.

Nadira alipiga magoti pale mlangoni, akabandua kava. Maungio ya spika yalikuwa mbele yake: waya wa chanya umekwenda penye hasi, na wa hasi penye chanya. Na tepu iliyoyafunga ilikuwa nyeusi.

Basi alielewa yote kwa mara moja, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Mzee huyu! Mkewe hakuweza kuitwa na wimbo mzuri, hilo mzee alilijua. Lakini wimbo ulioharibika, na mwenyewe yupo, angeuachaje? Miaka arobaini na miwili ilikuwa imemfundisha. Ila jina lililokuwa laungua pale halikuwa la mzee. Neno moja tu, "Si mimi, ni mumeo," na Nadira angekuwa ameosheka mbele ya majirani wote. Na Bi Mwanakheri angeteremka, na angekwenda Kisauni na tuktuk, na kile kiti kingebaki kitupu pengine mpaka mmoja wao afe.

Aliinua uso kutoka kwenye waya. "Kosa ni langu, Bi Mwanakheri," alisema. "Niligeuza waya. Nisamehe, na usiondoke, masikio yako nayahitaji."

Nyuma yake mtu mmoja mwenye ufagio aliguna. Guno lile lilimuuma kuliko kuchomwa na chuma cha kulehemu. Alirudisha waya mahali pake, akafunga kwa buluu, akagonga kava, akawasha.

Sauti ikaja na kifua chake chote. Kidole cha Bi Mwanakheri kilikuwa chagonga ukingo wa beseni, palepale pembe zinapogonga, na midomo yake ilikuwa yaitikia bila ya sauti. Wimbo ulipofika katikati aliuliza, "Hii ni harusi ya Zuleikha. Nani aliyerekodi?"

"Mimi," alisema Mzee Jaffar. "Nilikuwa nyuma ya ukuta."

"Pale wanaume hawaruhusiwi."

"Ndiyo maana nilikuwa nyuma ya ukuta."

Bi Mwanakheri aligeuza uso upande wa pili, lakini shavu lilikuwa limeshamsaliti kwa kicheko. Nadira akaona mlango wa moyo umefunguka, akausukuma. "Bi Mwanakheri, sauti ya gari haipimwi limesimama. Lataka kutembezwa."

Mzee alikuwa ameshaingia. Kwa mara ya kwanza aliingia bila ya kupumzika katikati. Injini ilipowaka, Bi Mwanakheri alishika kifua.

"Kiapo changu! Jaffar, nimeapa!"

"Nadira, mwanangu," alisema mzee, "fungua buti."

Nadira alifungua. Ubavuni mwa boksi la besi, umekaa kwa kipimo kama umezaliwa pale, ulikuwepo mfuko wa mchele wa kilo ishirini.

"Kafara ya kiapo," alisema mzee. "Kulisha maskini kumi. Nimeshazungumza nao, wangoja tuwapitie. Ruhusa yako tu ndiyo iliyobaki."

"Mchele huu umeununua lini?"

"Siku ile ile uliyoapa."

Bi Mwanakheri aliutazama mfuko, akamtazama mumewe. Kisha akashika shada la asumini, akalitundika kwenye kioo cha juu. "Basi twende," alisema, "wasije wakalala na njaa kwa ajili yako." Wakaondoka, vugo lalia, na Nadira akabaki na majirani na mafagio yao. Aliokota vifaa vyake akaenda zake akiwa na furaha na huzuni, zote mbili, hajui ipi aitangulize.

Jumatatu adhuhuri gari jekundu lilisimama tena mbele ya banda. Safari hii aliyetoka ni Bi Mwanakheri. Mguu mmoja, akapumzika. Wa pili. Mafundi wote waliacha kazi.

"Nadira!"

"Abee!"

"Jana Kisauni nimeulizwa na akina mama redio ile imetiwa na nani. Nimewatajia wewe. Watakuja wanne, na mmoja ana basi la shule." Alilisema kwa sauti ileile ya vugo, na hakuna fundi ambaye hakusikia.

Nadira alibabaika. "Lakini Bi Mwanakheri, mimi si niligeuza waya?"

Bibi alimkaribia, akashusha sauti. "Pasi ya nyumbani kwangu, feni, kengele ya mlango, mpaka mpini wa mwavuli, vyote vimefungwa kwa tepu nyeusi. Miaka arobaini na miwili naiangalia tepu ile. Ulipobandua kava mbele ya magoti yangu, wadhani mato yangu yalikuwa wapi?"

"Basi mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Walitazamana, kisha wakacheka mpaka Nadira akashika mlango wa banda. Bi Mwanakheri alirudi garini, akaketi, akavuta miguu ndani na kuongeza sauti kwa mkono wake mwenyewe.

"Haya, Jaffar, upesi," alimwambia mumewe. "Twende kabla wajukuu hawajatoka shule."