Kisiwa Alichokichagua Evanthia

Miaka ishirini na sita ya ndoa, na kila Agosti Evanthia alipelekwa mahali pale pale: kijijini kwa mama mkwe, milimani nyuma ya mji wa Karditsa, Ugiriki. Wenzake waliiita likizo. Yeye aliamka kabla ya jua, akakanda unga, akaosha vyombo vya watu kumi na wawili, na jioni mawifi walipojinyoosha barazani akawapelekea kahawa. Likizo gani hiyo? Hata punda angeikataa.

Mwaka huu mama mkwe alikuwa amefariki na nyumba imefungwa. Jumapili ya Pasaka, mbele ya ndugu wote, mumewe Stratos akatamka mwenyewe: "Agosti hii achague Evanthia. Popote."

Neno hilo lilimlewesha. Miezi miwili hakulala bila kupitia ramani ya visiwa. Santorini alikikataa, ghali na watu tele. Krete nacho alikikataa, kwa kuwa binamu ya Stratos anakaa huko, na ukimwamkia binamu mmoja umeamkia ukoo mzima. Mwisho akachagua Folegandros, kisiwa kidogo, kikavu, ambacho sifa yake kuu ni kwamba hawakuwa na ndugu huko, aliye hai wala aliyezikwa. Akapata chumba kwa mjane mmoja, dirisha linatazama bahari.

"Tutakula mkahawani," alimwambia Stratos. "Siku kumi sigusi sufuria."

"Usiguse. Kwani nani kakulazimisha?"

Wiki moja kabla ya safari, wifi yake Despina alikuja na keki. Keki ya Despina haiji bure, na Evanthia alilijua hilo.

"Wifi, hongera! Umetuchagulia pazuri."

"Nimewachagulia?"

"Kumbe Stratos hajakwambia? Kijijini kumefungwa, sasa sisi twende wapi? Kile chumba chako tumekighairi, tumepata nyumba nzima. Na jiko lake, wifi, utalipenda! Oveni inameza mwanakondoo mzima."

Evanthia akamgeukia mumewe. Mume alikuwa anakata keki.

"Stratos, uliniambia popote."

"Si ndiko tunakokwenda? Umechagua, tumekubali. Kosa langu liko wapi? Huyu ni dada yangu, nimwache Athene na joto hili?"

"Na kupika?"

"Mkono wako nani anao? Akipika Despina tutazikana huko huko."

Despina alicheka kuliko wote. Kuna watu ambao kutojua kazi ndiyo mali yao.

"Basi mimi siendi," Evanthia alisema. Wakadhani anatania.

Siku ya safari hakufunga begi. Stratos alisimama mlangoni na mzigo wake, uso umemwiva.

"Acha utoto, Evanthia. Meli haimsubiri mtu."

"Isinisubiri."

Teksi ilipiga honi mara mbili, Stratos akatoka. Evanthia alikuwa na hakika kwamba atarudi, atatupa begi chini, atasema basi tubaki wote. Alibaki na hakika hiyo mpaka aliposikia lifti imefika chini.

Mtaa mzima ulikuwa umehama kwa likizo ya Agosti. Mwoka mikate kafunga, mwuza magazeti kafunga. Alikula mkate mkavu na zeituni kwenye roshani, akijilaumu kwa kiburi chake, kisha akimlaani Stratos, kisha akijilaumu tena.

Siku ya tatu simu ikalia. Aliikimbilia.

"Stratos?"

"Tuko jikoni hapa." Nyuma yake watu walikuwa wakicheka. "Hizi nyanya za kujaza, mchele unatiwa mbichi au umechemshwa?"

Angeweza kumdanganya. Mungu anajua ulimi ulimwasha.

"Mbichi," alisema. "Nusu kikombe cha maji chini ya trei. Na uzifunike kwanza."

"Haya, asante. Despina anasema ungekuwepo tungekula vizuri."

"Na bahari ikoje, Stratos?"

Alikuwa ameshakata simu.