Mgeni Haambiwi Hapana

Jaketi la kuelea walilomletea mtoto lilikuwa la mtu mzima. Mhudumu wa boti alilibeba kwa mikono miwili kama anayeleta keki ya harusi, akalilaza juu ya mto wa kiti, na kabla Msusi hajafungua kinywa akamwambia, meno yote nje, kwamba hakuna shida, litabanwa hapa na hapa, litamkaa. Lilimkaa kama gunia linavyomkaa panzi. Mtoto, mwenye miezi minane na meno mawili, alizama humo mpaka macho, akaona ni mchezo, akacheka.

Msusi alilivua akaliweka pembeni, akampakata mtoto kifuani. Hakutaka kuwa yule mke wa kulalamika kabla hata boti haijafunguliwa kamba.

Maana safari yenyewe ilikuwa ya mumewe. Fundi, kama wote walivyomwita, hata mama yake mzazi, alikuwa fundi wa friji, na kampuni yake ilimtangaza mfanyakazi bora wa mwaka. Zawadi ikawa siku chache kisiwani katika hoteli ya ufukweni, na jioni moja boti ya peke yao ya kwenda kulitazama jua likizama. Tangu mtoto azaliwe Msusi hakuwa amelala usiku mzima hata mara moja, na mchana alisimama kutwa kwenye chumba chake cha viti viwili nyuma ya duka la dawa, vidole ndani ya vichwa vya watu. Mama mkwe alipowaaga alimnong'oneza, "Nenda kapumzike, mwanangu. Ila usinirudie na mapacha." Fundi alikuwa amepiga pasi shati lake mwenyewe. Mtu akikupenda hivyo, unajibana.

Asubuhi ya siku hiyo, wakipita kwenye ukumbi wa hoteli, Msusi aliuona mlango wa wafanyakazi umeachwa wazi. Ukutani ndani, kwa rangi nyekundu, herufi ukubwa wa mkono, palikuwa pameandikwa: MGENI HAAMBIWI HAPANA. Alicheka akamvuta Fundi aone. Fundi akasema nyumbani kwao sheria hiyo ilishapita siku nyingi, na mgeni mwenyewe ni huyu mwenye meno mawili.

Boti ilikuwa nyeupe, ya plastiki ngumu, yenye kivuli cha turubai na mito ya samawati. Walikuwa wamemwaga maua mekundu sakafuni na kutumbukiza chupa ya juisi kwenye ndoo ya barafu. Nahodha alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooka, miguu mitupu. Alisalimia kwa adabu, akaomba radhi kwa joto kana kwamba yeye ndiye aliyelileta, akawasha injini.

Ili kufika bahari ya wazi ilibidi wapite kwenye mwanya katikati ya miamba. Ulikuwa mwembamba kama uchochoro wa kati ya maduka mawili. Nje ya uchochoro huo, kulia na kushoto, mawe ya kahawia yalijitokeza na kujificha, kama migongo ya wanyama waliolala majini. Nahodha alisimama wima, akaacha kabisa kuongea. Msusi alichungulia chini akaona mawe mengine, karibu kiasi kwamba alijikuta amekunja miguu.

"Mlango wetu huu," alisema mhudumu kwa furaha, akamjazia glasi.

Huko nje kulikuwa kuzuri, lazima isemwe. Maji yalikuwa na rangi ya shaba. Mtoto alinyoosha mkono kulishika jua, na Fundi akapata wazo: anataka picha jua likiwa limekaa kwenye kiganja cha mtoto, likigusa maji hasa, siyo juu juu. Kwa hiyo wakasubiri. Jua likishuka, Nahodha alikuwa akigeuza shingo kutazama walikotoka. Msusi alimhesabu akigeuka mara mbili, kisha akaacha kuhesabu. Alimuuliza kama wanachelewa.

"Hakuna shida, mama," alisema Nahodha.

Fundi, aliyekuwa amelala nusu juu ya mito kama sultani wa friji, akaomba wasogee mbele kidogo, wapite ile rasi, hoteli isionekane kwenye picha.

"Sawa kabisa, bosi."

Lakini Msusi alikuwa anautazama mkono wa Nahodha kwenye gia. Uliganda. Kitambo kidogo tu, kisha ukatii. Aliujua mgando huo, ni wa mkono wake mwenyewe. Mteja mwenye nywele dhaifu za mbele anakwambia vuta zaidi, kaza, nataka ikae mwezi. Unajua kabisa kwamba ukikaza unazing'oa, vidole vinaganda, halafu unakaza, maana akitoka hapo bila kukazwa ataenda kwa jirani. Na dawa ya nywele ikianza kumuunguza utosi, unamwambia kwa sauti tamu: tulia, mama, inafanya kazi. Kadiri kichwa kinavyoungua ndivyo sauti inavyozidi sukari.

Alimsogelea mumewe akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu hakiendi sawa, huyu mtu anataka kurudi. Fundi alimshika bega. Alimwambia kwa upole kwamba yeye hajazoea kuhudumiwa, ndiyo maana kila kitu kinamtia wasiwasi. Apumzike walau leo. Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Akarudi kitini kwake.

Jua likagusa maji. Picha zikapigwa, nyingi, na kwenye moja mtoto alionekana kweli amelibeba jua. Kisha likazama, na giza halikuchelewa. Upepo ulikuwa unawapuliza mgongoni. Sasa uliwajia usoni, wa baridi, na boti ikaanza kupanda na kushuka. Nahodha aligeuza bila kuambiwa, injini ikanguruma kwa nguvu zote. Walipoizunguka rasi, taa za hoteli zikatokea. Nahodha akapunguza mwendo. Akapunguza tena. Kisha injini ikabaki inakoroma tu bila kwenda popote.

Mbele yao, pale ulipokuwa mwanya, kulikuwa na mstari mrefu wa povu jeupe, usiokatika upande huu wala ule. Nyuma ya povu, umbali wa kutupa jiwe mara chache, wahudumu wa hoteli walionekana wakipita na sahani. Muziki ulisikika. Mhudumu aliinama, akaanza kuwaongezea juisi.

"Tunafurahia mandhari kidogo," alisema Nahodha kwa sauti ya asali. "Hakuna shida."

Msusi akasimama, mtoto begani, mkono mwingine ameshika bomba la turubai.

"Nahodha, mimi ni msusi. Mteja akiungua kichwani namwambia tulia mama, inafanya kazi. Hiyo sauti yako naijua, hata mimi ninayo. Sasa sahau kwamba mimi ni mgeni. Hapa amekaa dada yako na mtoto wake. Dada yako ungemwambia nini?"

Nahodha alitazama miguu yake. Mhudumu akaiweka chupa chini, na tabasamu lake likaondoka lote kwa mara moja. Chini yake kulikuwa na mwanamke mwingine kabisa, mkubwa kwa umri, aliyechoka.

"Waambie, shemeji," alisema.

"Ningemwambia tumechelewa," alisema Nahodha. Hata sauti ilibadilika, ikawa nzito. "Maji yametoka, kina kimepungua. Mawe yote yako hapo chini ya povu, mlango umefungwa. Tulitakiwa kugeuka kabla ya rasi."

"Sasa kwa nini hukusema?" aliuliza Fundi, amekaa wima.

"Ulisema twende mbele, bosi." Hakukuwa na lawama ndani yake. Akaeleza kwamba nahodha aliyekuwa kabla yake alimwambia mgeni hapana, bahari imechafuka. Mgeni akalalamika. Siku hizi yule bwana anafyeka majani nyuma ya jiko.

Fundi alitoa simu akapiga hotelini. Alieleza yote, haraka haraka, akajikwaa, akarudia. Wote waliisikia sauti ya msichana wa mapokezi, laini kama pamba, ikisema pole sana, hakuna shida, watalifanyia kazi. Kisha ukapigwa wimbo wa kusubirisha wateja. Fundi aliishusha simu polepole. Hata kama wangetuma boti nyingine, alisema Nahodha, ingetokea wapi? Mlango ni huo mmoja, uliofungwa kwao ndio uliofungwa kwa wote.

"Kwa hiyo kuna njia mbili," aliendelea. "Tujaribu kupita sasa hivi. Au tutie nanga huku nje mpaka maji yarudi. Ila upepo umegeuka, na boti hii si ya mawimbi. Mnapendelea ipi?"

Hapo ndipo baridi ilipomwingia Msusi kwenye mifupa. Nahodha aliuliza vile vile mhudumu alivyouliza mwanzo kama wanapendelea juisi ya embe au ya nanasi. Fundi alikuwa anazitazama taa. Zilikuwa karibu mno.

"Tujaribu," alisema. "Si pale tu?"

"Sawa ka..." na mkono wa Nahodha tayari ulikuwa kwenye gia.

"Hapana," alisema Msusi.

Tangu waingie botini hakuna aliyekuwa ameambiwa neno hilo. Nahodha alimgeukia kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Ungekuwa peke yako, ungefanya nini?"

"Ningesubiri."

"Basi tusubiri."

Wakatia nanga. Nahodha akawaonyesha jiwe moja jeusi lenye ncha, lililosimama juu ya povu pembeni mwa mlango. Jiwe lile likizama na kubaki limezama, alisema, wataingia. Msusi alimfunga mtoto kifuani kwa mbeleko, kisha akalichukua lile jaketi la mtu mzima akalivaa juu ya wote wawili, na mhudumu akamkaza mikanda. Sasa lilikaa.

Mawimbi yakaanza kuruka ndani. Fundi alimwaga barafu, akawa anachota maji kwa ndoo ile ile na kuyamwaga nje, shati la pasi limemganda mgongoni, maua mekundu yakielea kuzunguka magoti yake. Mtoto alinyonya, akalala, akaamka, akanyonya tena. Kila Msusi alipoinua macho, jiwe lilikuwa pale pale. Halafu akagundua jambo ambalo hakutaka kulijua: jiwe lilikuwa linakua. Si kwamba maji yalipungua. Ni wao waliokuwa wanalisogelea.

"Nanga inaburuta," alisema, na hakuuliza.

"Inaburuta," alikubali Nahodha.

Kwa hiyo yakawa mashindano, maji yanapanda na boti inavutwa, na hakuna wa kushangilia. Jiwe lilifunikwa, likatokea. Likafunikwa, likatokea ncha tu, nyeusi, inang'aa, karibu kiasi cha kuonekana kome walioganda juu yake. Fundi aliacha kuchota akaja akapiga magoti mbele ya mke wake, akawakumbatia yeye na mtoto na jaketi vyote kwa pamoja.

"Niliogopa tangu kwenye rasi," alimwambia sikioni. "Nikaona aibu."

Msusi alimshika kichwa kilicholowa. Wimbi likaja, likalifunika jiwe, likapita. Jiwe halikutokea.

Nahodha alimpa shemeji yake kisu, naye akaikata kamba ya nanga. Injini ikanguruma.

"Tutapita?" aliuliza Msusi.

"Sijui, dada," alisema Nahodha.

Na ajabu ni kwamba neno hilo lilimtuliza kuliko zile "hakuna shida" zote za jioni ile. Alijua sasa yuko na mtu. Boti ikainuliwa, ikasukumwa kwenye weupe, na kutoka chini ukaja mkwaruzo mrefu uliopanda kwenye nyayo, kwenye magoti, mpaka kwenye meno. Mtoto akalia. Kitu kikavunjika nyuma. Kisha kelele zote zikabaki mgongoni, na maji chini yao yakawa kimya kama maji ya beseni.

Meneja alikuwa gatini akiwasubiri, amesimama na taulo za moto kwenye sinia. Aliwaona walivyolowa, akaona ubavu wa boti ulivyochanika, na tabasamu lake halikuguswa na lolote. Alisema anatumaini kila kitu kilikuwa kizuri. Fundi alifungua kinywa, na kwa mazoea tu ya adabu alikuwa karibu kusema hakuna shida. Nahodha naye alikuwa ameshasimama wima, ameshalivaa upya lile tabasamu, kama mtu anayefunga vifungo vya shati la kazi.

Msusi akamshika Nahodha mkono wa shati.

"Hapana," alimwambia meneja. "Haikuwa vizuri. Tukae chini nikueleze, na huyu kaka akae hapa karibu nami, kwa sababu ndiye aliyeturudisha."

"Hakuna shida, mama," alisema meneja, sauti tamu kupita zote. Akampa taulo. Halafu macho yake yakahamia kwa Nahodha taratibu, yakampima toka kichwani hadi miguuni, jinsi mtu anavyoyapima majani yaliyorefuka nyuma ya jiko.

Msusi hakuuachia ule mkono wa shati.